Darubini ya Bunduki ya Usingizi

Nilikuwa askari wa wanyamapori katika msitu wa Shimba. Mnyama akinaswa na waya wa wawindaji, kazi yangu ilikuwa kumpiga sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, ili daktari amfungue. Mwishoni mwa miaka ya tisini macho yangu yalianza kufifia, nami nikaficha. Mke wangu, fundi wa kushona pale Bongwe, aligundua siku aliponipa sindano nimtungie uzi nikashindwa. Aliichukua mkononi mwangu, akaitunga, akaendelea kushona.

Mwezi huohuo tulimwona palahala dume, swala mweusi wa pembe ndefu, ana waya shingoni. Nilimpiga mara mbili, sindano zote zikapita juu ya mgongo. Akakimbia na waya wake. Jioni nikamsimulia mke wangu.

"Mwambie mkubwa wako," mke wangu alisema. "Yule mnyama anaumia, na wewe pia unaumia."

Nikamwambia mkubwa. Akafungua kabati, akatoa darubini mbili za bunduki. "Chagua moja uifunge. Lakini kwa daktari wa macho utakwenda vilevile."

Mke wangu alipoleta chakula cha mchana kituoni, alinikuta kibarazani nimekwisha kuipenda ile ndefu, kwa kuwa ilivuta vitu karibu sana. Alichungulia ndani yake, akaielekeza kwenye miti. "Pale kivulini mbona pamekuwa kiza?" aliuliza. Akashika ile fupi. "Hii naona jani mojamoja." Nilipojaribu, nikakubali. Palahala hukaa vivulini, na sindano haifiki mbali. Sikuhitaji kuvuta sana, nilihitaji kuona.

Tukaifunga pamoja, bunduki ikiwa tupu. Niliisogeza mpaka ikawa vidole vinne kutoka jichoni, isije ikanipasua nyusi bunduki ikirudi nyuma. Mke wangu akaning'iniza uzi wenye nati ya chuma kwenye boriti, ili unyooke wima. Nikaizungusha darubini katika pete zake mpaka mstari wake wa wima ukalala sawa juu ya ule uzi. Yeye ndiye aliyekaza skrubu, huku kidogo na kule kidogo, kama anavyokaza za cherehani yake, asiikaze moja mpaka mwisho ikaipinda pete. Jasho lilimtoka puani. Nilimpangusa kwa kiganja, naye akaniambia nitulie, nitaitikisa.

Nililenga gunia la nyasi. Sindano ya kwanza ilikwenda kushoto. Nikarekebisha. Ya tatu ikaingia katikati.

Baada ya wiki moja tulimpata tena yule palahala, amesimama kwenye kivuli kizito. Nilimwona vizuri, hata kope. Nikampiga pajani. Alipolala, daktari akakata waya na kumsafisha kidonda. Aliamka akiyumba, akasimama, kisha akaenda zake taratibu kuwafuata wenzake.

"Alitembea vizuri?" mke wangu aliniuliza nilipofika nyumbani.

"Vizuri."

Akaweka kitambaa chini, akanishika mkono, tukakaa hivyo.

Kwa daktari wa macho tulikwenda wote wawili. Nilipovaa miwani, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mvi tatu juu ya sikio lake. Nikamwambia. Akacheka, akasema zilikuwapo tangu mwaka juzi.