Ayeeyo Alivyoidharau Mombasa

Mama mmoja ameanza kuchoma mihogo karibu na ofisi yetu hapa Garissa. Kila adhuhuri harufu ya pilipili na ndimu inapopita dirishani, najikuta nimerudi Mombasa, nipende nisipende. Sijawahi kununua hata kipande. Wenzangu wanadhani najivuna. Waache wadhani hivyo; nyinyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Abti Dahir, mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama, alikuwa ameishi Mombasa miaka mitatu, na kila alipokuja kwetu mtaa wa Galbet, hapa Garissa, alitutazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi cha mbuzi. Vumbi letu lilimkera. Chai yetu ilinuka moshi. Alikaa mkekani na shati lake jeupe lililopigwa pasi, akatusimulia habari za ofisi yake bandarini na jinsi meli isivyoweza kushusha mzigo kabla yeye hajatia sahihi. Tulimwamini neno kwa neno.

Likizo ya Agosti akatualika, mimi na ayeeyo, nyanya yangu, mama yake mzazi. Ayeeyo alikuwa amechunga ngamia upande wa Habaswein tangu akiwa msichana mpaka ukame ulipowamaliza wote. Ndipo akahamia kwetu mjini, na tangu siku hiyo hakuusamehe mji wowote. Basi lilipita Hola, likapita Garsen, na tulipofika Malindi alikuwa tayari ameimaliza pwani nzima. "Majani yote haya," alisema, "na hakuna mnyama wa maana wa kuyala."

Dahir alitutembeza kwa bidii. Alitupeleka kwenye zile pembe za ndovu zilizovuka barabara. Ayeeyo akazigonga kwa fimbo, zikalia kama debe. "Mabati," alisema, akaendelea na safari. Alitupeleka kwenye ngome kuu. Ayeeyo akauliza waliojenga kuta nene vile walikuwa wakimwogopa nani. Alipoelezwa kwamba walikuwa wageni wakiogopa wageni wengine, alicheka mpaka akashika ubavu. Baharini alichovya kidole, akalamba, akatema.

"Maji yote haya, na hata mbuzi hawezi kunywa. Hiki ndicho watu wanachokipiga picha?"

Niliona haya. Niliionea haya fimbo yake, mtandio wake na sauti yake iliyozoea kuita mifugo iliyo mbali. Nilitembea hatua kumi mbele ili wasichana wa mjini wasijue tuko pamoja. Dharau ilikuwa imetuambukiza sote watatu kama mafua: ayeeyo aliudharau mji, Dahir aliidharau Garissa, na mimi niliwadharau wote wawili.

Siku ya tatu nikataka mchanga mweupe. Shuleni nisingeaminika kwamba nimefika Mombasa bila kuukanyaga. Dahir alikataa. "Ni mbali, Hodan. Jua kali. Hakuna cha kuona kule." Nikanuna, kisha nikalia kwa makusudi, kilio cha kusikika na majirani. Ayeeyo akachoka. "Mpeleke mtoto akaone mchanga," alimwambia, "kana kwamba kwetu haupo."

Ufukweni, katika harufu ya mihogo ya kuchoma, kulikuwa na ngamia wawili, wamevishwa shanga na vishada vya rangi, watalii wakipandishwa na kuzungushwa. Ayeeyo aliwaona kabla ya kuiona bahari. Alimwendea wa kwanza, akaingiza mkono chini ya matandiko, akautoa una usaha. Kijana aliyeshika kamba akakiona cha moto, kwa kile Kiswahili cha ayeeyo cha sokoni ambacho kila p iligeuka b na kila v ikawa f.

"Wewe kijana! Hii ngamia nani nafunga hifi? Hata bunda hafungwi hifi!"

"Pole, mama, mimi namshikia mwenzangu tu. Yeye ndiye anayejua kumfunga. Wiki hii ana wageni."

Kabla ayeeyo hajajibu, ngamia mwenyewe alinyoosha shingo juu ya kichwa cha ayeeyo, akaondoka akiburuta kamba, moja kwa moja hadi kwa Abti Dahir aliyekuwa amejibanza nyuma ya mnazi. Akaweka kidevu chake juu ya lile shati jeupe.

Yule kijana alicheka. "Si huyo hapo! Dahir, ndio wageni wako hawa?"

Ayeeyo alinyamaza. Kisha mjomba wangu akatoa sauti ya kooni, ile ya wachungaji wa kwetu, ambayo sikuwahi kudhani anaijua, na ngamia akapiga magoti. Akamvua matandiko. Ayeeyo akaomba maji ya chumvi. Dahir akakimbia baharini, akarudi na chupa imejaa, na mama na mwanawe wakainama juu ya kile kidonda, wakakiosha pamoja taratibu.

Tukiwa njiani kurudi, ayeeyo alinishika kidevu. "Nyumbani utasema umeona mchanga. Basi."

Nikasema sawa.

Wiki ya kwanza ya shule nilisimulia yote. Nilimwigiza abti, nikamwigiza na ngamia. Darasa zima lilicheka, na sijawahi kupendwa vile tena. Mwezi haukuisha kabla habari haijafika madukani Galbet, ambako walimpa jina: Mkurugenzi wa Ngamia. Likamfikia Mombasa. Idi iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Ayeeyo hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu, "Ulikuwa unacheka nini?"

Dahir alirudi Garissa miaka saba baadaye, kumzika ayeeyo. Baada ya maziko nilimfuata, nikaanza kumwomba msamaha. "Watoto huongea," alisema, kisha akaniuliza kuhusu masomo yangu, kwa adabu, vile mtu anavyomuuliza mtoto wa jirani.

Siku hizi ni mimi niliye na ofisi. Natia sahihi karatasi ambazo hakuna anayezisoma, na jamaa zangu wananisifu. Zamani nilidhani ayeeyo alinyamaza ufukweni kwa sababu ya aibu. Sasa najua kwamba kati ya watoto wake wote, alikuwa amemwona mmoja ambaye bado ngamia anamtii, baada ya miaka ya kuamini kwamba kazi yake yote ilikufa na ule ukame. Katika siku zote za Mombasa, pale tu ndipo alipoona kitu asichokidharau. Nami nilisimama kando nikikung'uta mchanga viatuni, nikiwaza nitakavyokisimulia.