Kamba ya Ndama na Tumbo la Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja kule Mogogosiek, mwanangu, nilipoeleza kila kitu kuhusu tumbo la binadamu nikaruka jambo moja tu, lile lililohitajika.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na diploma ya lishe. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijisomesha kwa vidole hivi, nikichuma majani chai kila likizo. Diploma yenyewe iko ukutani mpaka leo, utaiona ukija.

Tulienda kwa wakwe, mimi na mke wangu Cherono. Tukapewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, lakini baba mkwe hakugusa. Alikaa nje, tumbo limefura kama ngoma, anatapika tangu alfajiri.

"Daktari wetu amefika," akasema kwa shida.

Sikumsahihisha. Jina lilinipendeza.

Nikachukua kamba ya ndama, nikainyoosha kwenye nyasi, nikaanza somo. Chakula husagwa mdomoni, na mate huanza kazi kabla hujameza. Umio hukisukuma kwa kujibana, ndiyo maana hata ukimeza ukiwa umelala kinafika. Tumboni kuna asidi kali inayokigeuza uji. Halafu kuna utumbo mwembamba, mrefu kuliko kamba ile, umekunjwa wote ndani ya mtu! Humo nyongo huyeyusha mafuta, na chakula hupenya kwenye damu. Utumbo mpana hunyonya maji. Nikaishia hapo, nikasema mzee anywe maji ya uvuguvugu, atapona.

Kogo, mama mzazi wa baba mkwe, akainama kuitazama kamba.

"Bwana ya Cherono, hii kamba yako haina mwisho? Chakula inaingia, inazunguka, halafu inapotelea wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kwetu, mwanangu, mkwe hamwulizi baba mkwe habari za choo. Chuoni nilifundishwa niulize hilo mapema kabisa, na nililimeza kwa haya.

Kogo hakuwa na haya. Alimnyonyesha huyo.

"Wewe, umejamba lini?"

"Juzi, mama."

"Na choo?"

"Hiyo pia, juzi."

Nikaokota kamba, nikaisokota katikati, nikamwonyesha Cherono. "Huenda ndani kuko hivi. Hapa hata upepo haupiti. Tafuta gari, sasa hivi!"

Lori la majani chai lilikuwa linapita. Tukamlaza mzee juu ya majani mabichi, likatufikisha hospitali. Waliompasua wakakuta utumbo mpana umejisokota.

"Mngengoja mpaka jioni, utumbo ungekuwa umeoza," daktari akatuambia. Huyo alikuwa daktari kweli.

Baba mkwe aliishi miaka mingi baadaye, na kila nikiingia bomani kwake alipaza sauti: "Daktari wa Kamba, karibu!"

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akifura tumbo, akatapika, asipitishe upepo wala choo, usimpe dawa ya kuharisha, wala usingoje kesho. Mpeleke hospitali. Na ukiuliza habari za mwili, uliza mpaka mwisho wa kamba. Heshima ikikufunga mdomo, mwite haraka anayeweza kuuliza. Diploma yangu ni nzuri, lakini siku ile aliyemwokoa mzee ni Kogo.

Mungu akujalie tumbo tulivu na mdomo usioogopa kuuliza, na katika kila boma utakaloingia, umkute Kogo mmoja.