Kitu Kidogo Kichwani mwa Mama

Mama alianza kwa kuangusha vitu. Pakiti ya maziwa, kikombe, kisha chupa nzima ya mafuta ya kupikia mbele ya wateja wa duka lake. Akasema ni baridi ya Eldoret, kana kwamba hakuwa ameishi huko huko, mtaa wa Langas, tangu alipokuja amenibeba mgongoni kutoka upande wa Murang'a. Baridi gani hiyo inayochagua mkono wa kushoto peke yake? Nilimuuliza hivyo, akanikata jicho na kurudi kwenye mizani ya sukari.

Nilimpeleka hospitali kupigwa picha ya kichwa kwa lazima. Tuligombana njia nzima.

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mpole kupita kiasi, upole wa aina ile inayoniudhi kwa sababu huwa unaficha jambo. Aligeuza kompyuta ituelekee. Ubongo wa mama ulikuwa pale, mweusi na mweupe, umekatwa slesi kama mkate. Akagusa mahali kwa ncha ya kalamu.

"Mama, si unaona hapa? Kuna kitu kidogo."

Mama alinitazama. Kisha akashika pembe ya leso yake na kuanza kufungua fundo la pesa.

Sikumlaumu. Kila aliyewahi kuchungulia dukani kwake akitafuta kosa, awe na sare au hana, alimaliza na maneno hayo hayo: Mama, toa kitu kidogo. Masikioni mwake maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, na maana hiyo ni hongo.

"Hapana, Mama, hapana!" Kijana alijikuna shingo. "Kitu kidogo ndani ya kichwa."

Nilicheka kwa sauti, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Nikauliza ni kitu gani.

"Inaweza kuwa kovu ya zamani. Inaweza pia kuwa uvimbe. Kwa hii picha siwezi sema. Ripoti yenyewe haijakata kauli. Tungoje kidogo, halafu turudie."

Nje kwenye korido nilimweleza mama pole pole, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwamba daktari hakuwa akiomba chochote. Alinisikiliza huku akikaza fundo lake upya.

"Nimekuelewa," akasema. "Lakini wewe umesoma sana na haujui watu. Angepewa, ingekuwa kovu."

Nilishikwa na hasira hadi nikaenda kusimama mbali naye, karibu na mlango. Kilichoniuma ni kwamba hata mimi nilikuwa natafuta mtu wa kunipa kovu. Lile neno "tungoje" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilitaka daktari mwingine, na nikijisema ukweli, nilimtaka aseme jambo lile nililotaka kusikia.

Nikaelekezwa kwa daktari mmoja wa kike, mtu mzima, mzaliwa wa upande wa ziwa, aliyesifiwa kwa kusoma picha za kichwa na kwa kutopaka maneno sukari. Mama alikubali kwenda bila ubishi. Hapo ndipo ningepaswa kushuku.

Daktari huyo aliangalia zile picha moja moja. Mama naye akaweka pembe ya leso mezani na kuanza kufungua fundo. Vidole vya kushoto vikakataa. Akalifungua kwa meno.

"Daktari, hii ni kitu kidogo tu, ya chai. Andika ni kovu."

Niliona aibu hadi nikatamani kuingia chini ya meza. Yule daktari hakucheka wala hakukemea. Aliisukuma pesa kando, akampa mama vidole vyake viwili.

"Nishike hapa, Mama. Finya. Na huu mkono mwingine. Finya tena."

Mama alifinya huku akitabasamu, akidhani wameelewana. Mimi niliona uso wa daktari, nikajua hawajaelewana.

"Pesa yako weka," akasema. "Nikikuambia saa hii ni kovu, nitakuwa nimekudanganya. Nikisema ni uvimbe, pia nitakuwa nabahatisha. Huyo daktari wa kwanza hakukosea, hii picha haitoshi. Nataka ingine, ya MRI, ile ya kudungwa dawa kwa mshipa ndiyo kitu kionekane vizuri."

Tuliporudi na hiyo picha ya pili, wiki kadhaa baadaye, mama alikuwa anaburuta mguu. Daktari aliziweka picha mbili bega kwa bega kwenye kompyuta. Mimi si daktari, lakini niliona. Doa lile lilikuwa limetanuka, kama maziwa yaliyomwagika mezani na hakuna aliyepangusa.

"Ni uvimbe," akasema. "Na umekua. Pale umekaa, kisu hakiwezi kufika bila kuharibu mambo mengine. Tutampeleka achomwe kwa miale, tumpunguzie makali. Kuponya, hapana. Sitaki kuwadanganya."

Nikamuuliza kama tungekuja mapema angepona. Akatikisa kichwa. Afadhali angesema ndiyo, nipate wa kumlaumu. Nilikaa pale nikiwa nimeshikilia kiti kwa mikono miwili, machozi yakishuka bila ruhusa yangu.

Daktari alivuta kiti chake karibu na mama. "Umenisikia, Mama? Kile kitu si kidogo tena."

"Nimesikia," mama akasema.

Alitazama lile doa kwenye kompyuta. Kisha akanisogezea pembe ya leso yake, kwa maana mkono wake wa kushoto ulikuwa hauwezi tena kushika kitu, akaniambia nimfungulie. Nililifungua lile fundo. Sikuweza kujua kama ananitania.

"Sasa muulize," akasema, "kitu kikubwa ni pesa ngapi."