Kompyuta Iliyolala Bado Inakula

Saa mbili unusu asubuhi, katika chumba cha kompyuta cha chuo kimoja cha biashara katikati ya jiji la Nairobi, Joyline Namalwa anachomeka mita ndogo ukutani. Anaiunganisha na kompyuta ambayo kioo chake ni cheusi, kisha anawageukia wanafunzi.

"Hii mashine iko aje?"

"Imelala, Madam," darasa linaitikia.

"Na inakula?"

"Mtu amelala atakula aje, Madam?" anauliza Bramwel kutoka nyuma, na darasa zima linaangua kicheko.

Namalwa anamwita mbele asome mita. Wati tatu. Bramwel anainama, anasubiri nambari ishuke. Haishuki.

"Ni kidogo, sikatai," anasema Namalwa. "Lakini hapa kuna mashine arobaini, na zinalala hivi kila usiku, hata likizo ya Desemba. Nani analipia huyo mlalaji?"

"Ni sisi, Madam," anajibu Ciru aliye mstari wa mbele. "Iko ndani ya fees."

Somo lenyewe linaitwa Teknolojia ya Habari Inayotunza Mazingira. Ukilitaja jina hilo kwa wanafunzi wa biashara wanaanza kusinzia, nami siwalaumu. Namalwa, mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa, huliita somo la kulala na kuzima, na darasani kwake sijamwona hata mmoja akipiga miayo.

Ila leo roho yake iko juu. Saa sita mchana mkuu wa chuo, Norman Mungai, atamwambia kama somo hilo litaendelea muhula ujao au litafutwa. Likifutwa, chanzo kitakuwa stika moja.

Namalwa alizaliwa Bungoma na anaishi Uthiru, kwenye ploti ambayo wapangaji hutumia mita moja ya stima na kugombana kuhusu pasi ya nani haikuzimwa. Kabla ya kufundisha alikuwa idara ya ununuzi katika ofisi moja ya bima. Huko aliona kompyuta nzima zikirundikwa kwenye ngazi kwa sababu tu mpya zimefika.

"Niliuliza zina shida gani, nikaambiwa zimezeeka," anakumbuka. "Kumbe kutengeneza kompyuta moja mpya kunachafua dunia kuliko vile hiyo ya zamani ingechafua ikiendelea na kazi. Na anayeamua kununua si fundi. Ni mtu wa biashara. Ndiyo maana niko hapa."

Sasa turudi kwa stika. Muhula huu ulipoanza, wanafunzi wake walichapisha stika zenye maneno "NIZIME UKITOKA" na kuzibandika kwenye kila mashine. Bramwel, kwa bidii yake yote, akabandika moja kwenye seva, kompyuta kuu inayoendesha mifumo yote ya chuo. Ijumaa jioni mlinzi akapita, akasoma, akatii.

Jumatatu mfumo wa malipo ukawa kimya. Wazazi wenye karo mkononi walipanga foleni hadi kwenye ngazi. Mungai alisema chuo cha biashara kimejifungia duka, na akatishia kulifuta somo.

Mwingine angejificha. Namalwa alilipeleka darasa lote mbele ya seva hiyo.

"Niliwaambia kutunza mazingira si kukaa gizani. Kuna mashine ya kulazwa, kuna ya kuzimwa, na kuna ya kukesha. Mkishindwa kuzitofautisha, hamtafaa ofisi ya mtu."

Baada ya hapo aliwatuma wakague kompyuta ambazo chuo kilitaka kuzitupa. Nyingi zilikuwa na diski zilizochoka tu. Diski mpya zikanunuliwa katika maduka ya Ngara, mashine zikarudi kazini, na ile ambayo Bramwel amesoma mita yake leo ni mojawapo ya mashine hizo.

Ndoto ya Namalwa sasa ni kwenda katika maofisi ya jijini kuwafundisha wanaoidhinisha ununuzi. "Nikipata wale," anasema, "ngazi zitapitika."

Saa sita tunaingia kwa Mungai. Anainuka, anatuongoza hadi kwenye chumba cha seva na kufungua mlango. Stika ya Bramwel imebanduliwa. Mahali pake pana karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: "SIJALALA. NIKO KAZINI."

"Hiyo nimeandika mimi mwenyewe," anasema Mungai. "Mashine mlizofufua zimetuokolea pesa. Muhula ujao somo lako ni la lazima. Kila mwanafunzi, hakuna cha kuchagua."

Namalwa anashika mdomo. Anacheka, macho yamelowa, anamshukuru mara mbili. Kisha anakumbuka kioo cheusi alichokiona juu ya meza kule ofisini.

"Na yako, sir, uliizima ama uliilaza?"

Mungai anamtazama, anajikuna kichwa, kisha anarudi ofisini kwenda kuizima.