Barua ya Kujitoa

Watu walimwita Mama Mashine. Mashine yenyewe ilikuwa ya kusaga na kukoboa, imefungwa kwenye sakafu ya saruji katika chumba kimoja nyuma ya soko, chenye mlango wa bati na dirisha lisilo na kioo. Ukimkuta kazini ungemdhania ajuza: nywele nyeupe, nyusi nyeupe, kope nyeupe. Akitoka nje akajikung'uta unga, unaona mwanamke wa miaka arobaini na sita, mweusi tii, mwenye mabega ya mtu aliyenyanyua madebe tangu ujanani. Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa alizoea kusema juu ya mgurumo wa mota. Msibani ilibidi mtu amguse mkono amkumbushe kunong'ona.

Chama kiliipenda sauti hiyo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa tawi. Akija mgeni kutoka juu, yeye ndiye aliyewakusanya wanawake, akawagawia sare, akawapanga kando ya barabara na kuongoza nyimbo. Kisha wageni waliingia ukumbini kujadili mambo ya kata, na yeye alibaki nje na masufuria. Hakuona ubaya. Shughuli haina budi kuwa na mpishi, alisema.

Kilichombadilisha ni choo.

Soko lile lilikuwa na wanawake zaidi ya mia mbili na choo kimoja chenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao mkusanya ushuru, ambaye saa nyingine yupo, saa nyingine hayupo. Wanawake walikaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kunywa hata funda la maji, na kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa chini ya kitovu asioutaja. Diwani aliahidi vyoo katika uchaguzi wa kwanza, akaahidi katika wa pili, akaahidi katika wa tatu, kisha akafa, Mungu amrehemu, akaenda na vyoo vyake kaburini.

Wiki moja baada ya mazishi, wanawake wakiwa kwenye foleni ya kusaga, muuza vitunguu aliweka ndoo yake chini. Huyu alikuwa shoga yake Mama Mashine tangu wote wawili walipokuwa wasichana, mwembamba kama ufagio na mdomo wa pilipili.

"Sasa watatuletea mwanamume mwingine atuahidi choo ambacho yeye mwenyewe hakihitaji," alisema. "Yeye anageukia ukuta, amemaliza."

Wenzake wakacheka.

"Nyie chekeni. Mimi nasema huyu hapa achukue fomu."

"Mimi?" Mama Mashine alizima mota ili asikie vizuri. "Nimeishia darasa la saba."

"Marehemu aliishia la ngapi?"

Hakuna aliyejua. Safari hii hakuna aliyecheka, na Mama Mashine aliona kwamba hawatanii tena.

Mumewe alikuwa dereva wa tipa, mtu mpole, hodari wa kutunza gari, asiyejua kumwambia mtu hapana. Tipa hilo lilikuwa la mkandarasi mmoja ambaye mji mzima ulimwita Kokoto, na Kokoto naye aliutaka udiwani. Kwa hiyo jioni ile mke alisubiri mumewe amalize kula ndipo akamweleza.

"Bosi wako naye anautaka," alisema.

"Nimesikia."

"Sasa?"

Dereva alinawa mikono polepole. "Siasa ni siasa, kazi ni kazi. Miaka tisa namwendeshea gari, hajawahi kuniuliza mke wangu anafanya nini. Chukua, mke wangu."

Alisema kwa moyo mweupe. Mama Mashine mwenyewe, miaka mingi baadaye, hakuwahi kusema kwamba siku ile alidanganywa.

Maneno yakaanza mara tu alipochukua fomu. Wakasema anaitwa hotelini na wakubwa. Wakasema mwanamke mwenye nyumba tulivu hana haja ya kutafuta kiti. Kokoto hakumtukana hata mara moja. Kila wakikutana alimwamkia vizuri, akauliza hali ya biashara.

Kura za ndani ya chama zilipigwa Jumamosi kwenye kiwanja cha shule. Akina mama walikuwa wamejiandaa kwa kura ya karatasi, ya siri, mtu na nafsi yake. Lakini katibu wa wilaya alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba safari hii hakuna karatasi. Wagombea wasimame mbele, na kila mwanachama akajipange nyuma ya anayemtaka.

"Ni kwa ajili ya uwazi," alisema.

Nyuma ya Kokoto wanaume walianza kujipanga, wakisukumana na kutaniana. Nyuma ya Mama Mashine hapakuwa na mtu. Alikaza macho mbele, kwenye ukuta wa darasa, akihisi jua kisogoni na uwazi ule mgongoni mwake. Dakika zikaenda. Ndipo akasikia kandambili zinaburuta changarawe. Hakuhitaji kugeuka, mwendo ule aliujua.

"Simama wima," muuza vitunguu alimwambia kwa nyuma. "Usinitie aibu."

Mume wa muuza vitunguu, fundi baiskeli, alikuwa wa nne katika mstari wa Kokoto. Alimwita mkewe mara mbili. Mkewe hakusogea. Akaja wa pili, mwenye mtoto mgongoni, akaja wa tatu, kisha wakaja kwa mkumbo, wengine wamejifunika nyuso kwa mitandio kana kwamba hawatatambulika. Katibu alihesabu mara tatu. Mama Mashine mia mbili na kumi na nne. Kokoto mia moja thelathini na tisa. Dereva hakuwepo, asubuhi hiyo bosi wake alikuwa amemtuma kufuata mchanga mbali.

Furaha haikufika hata Jumatatu. Wanawake walipiga kura mchana, na jioni wakapigwa wao. Mwenye mtoto mgongoni alirudishwa kwa wazazi wake. Muuza vitunguu alikuja kusaga mdomo umevimba, amepungukiwa jino la mbele. Wengine aliwaambia ameteleza bafuni. Kwa Mama Mashine alisema kweli, kisha akaongeza, "Jino moja tu. Yapo mengine. Wewe ukajenge hicho choo."

Mama Mashine alitaka kumkumbatia, lakini mwenzake alishaanza kumimina mahindi.

Wiki hiyohiyo dereva alirudi nyumbani kwa miguu. Aliambiwa tipa liko matengenezo. Alikaa siku tatu, akakaa wiki, akakaa wiki tatu. Unga wa mashine uliwatosha wote wawili, kwa hiyo njaa haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kijiweni, walikoanza kumwita Bi Dereva. Akipita wanamwamkia, "Shikamoo mama," kisha wanaangaliana. Akaacha kupita. Akawa anakaa kizingitini tangu asubuhi, funguo za akiba za tipa mkononi, anazigeuzageuza. Mkewe alimwona, akamwonea huruma, akajiambia kwamba akishaapishwa atamtafutia kazi kwingine. Hakumwambia hivyo. Siku zile alikuwa na mikutano mingi.

Fomu za walioshinda zilitakiwa zifike ofisi ya wilaya Ijumaa kabla ya saa nne. Alhamisi asubuhi Mama Mashine alisikia honi ya tipa uchochoroni. Alitoka mbio, akamkuta mumewe nyuma ya usukani, amevaa shati lake la kazi.

"Limepona?"

"Limepona."

"Alhamdulillahi," alisema mke, ambaye hata hakuwa mtu wa dini sana. Dereva alitia gia akaondoka. Hakumtazama usoni, lakini mkewe hilo alikuja kulikumbuka baadaye tu.

Ijumaa alifika ofisini saa mbili na nusu, fomu ndani ya bahasha, picha yake imebandikwa. Katibu wa wilaya aliinua kichwa, akaonekana kushangaa.

"Mama, pole na kuumwa."

"Kuumwa? Mimi mzima."

"Mzee alileta barua juzi." Katibu alivuta faili, akaigeuza karatasi ili naye aisome. Ilikuwa imechapwa. Ilisema kwamba aliyetia sahihi ni mume halali wa mgombea. Kwamba mke wake amepatwa na maradhi ya kichwa yasiyomruhusu kubeba majukumu ya umma. Kwamba kwa niaba ya familia anamwondoa katika kinyang'anyiro. Chini yake palikuwa na sahihi, herufi kubwa za kukokotwa, zilezile alizoziona miaka yote kwenye risiti za mchanga.

"Mimi ndiye mgombea," alisema Mama Mashine. "Mimi sijajitoa."

"Naye ndiye mumeo. Fomu siwezi kuipokea."

"Kwani watu walijipanga nyuma yake yeye kiwanjani?"

"Mama, taratibu," katibu alisema kwa upole mwingi. "Ukipaza sauti watu watasema barua ni ya kweli."

Akagundua kwamba kweli amepaza sauti, kama kawaida yake. Akanyamaza. Pembeni alikuwa amekaa mwenyekiti wa akina mama wa wilaya, mwanamke wa makamo ambaye Mama Mashine alimwita dada na ambaye kwa ajili yake alishaimba barabarani mara nyingi. Mwenyekiti aliinuka akatoka nje. Mama Mashine akamfuata mpaka barazani.

"Dada, unanijua. Nina maradhi ya kichwa mimi?"

"Huna."

"Basi ingia useme."

Yule dada alitazama mlango. "Nikisema leo, kesho kiti changu sina. Na wewe bado hutakuwa na chako. Tutakuwa wawili nje badala ya mmoja." Akamshika bega. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Safari nyingine ipo."

Saa nne ikagonga akiwa bado amesimama pale na bahasha yake.

Jioni dereva aliporudi, alikuta chakula kimefunikwa na mkewe amekaa mkabala nacho.

"Umeandika nina maradhi ya kichwa."

"Sikuandika. Watu wa bosi waliileta imeshaandikwa."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ukatia sahihi."

"Walisema nikikataa wataifunga na mashine. Watasema mizani mbovu, watasema vumbi, hawakosi sababu. Tungekula nini?"

"Hilo la kula nini umelijibu peke yako. Mimi hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungesema hapana."

"Ndiyo," alisema mkewe. "Ningesema hapana."

Dereva alifunua chakula akala kidogo, kwa sababu angefanya nini tena.

Mji ulijumlisha wenyewe: mgombea kajitoa, Kokoto kashika nafasi yake, mumewe karudi kwenye tipa. Jumatatu foleni ya kusaga ilikuwa ya watu wanne. Muuza vitunguu alikuja mikono mitupu, akasubiri wale wanne waondoke.

"Nasikia unaumwa."

Mama Mashine alizima mota. Kwa siku tatu alikuwa akijiuliza kama atamvua mumewe nguo mbele ya watu. Sasa alipouona ule mdomo uliokuwa ukipona, hakuweza kuficha. Akasema yote: barua, sahihi, maneno ya katibu, maneno ya dada. Muuza vitunguu alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nakuamini," alisema mwishowe.

Mama Mashine akavuta pumzi.

"Lakini mimi nilisimama nyuma yako mchana kweupe, na wangu ananiangalia. Nilijua nitakachokikuta nyumbani, nikasimama. Wewe wa kwako alikaa kizingitini wiki tatu na hukujua anawaza nini."

"Nilikuwa na mikutano."

"Najua. Ya kwetu." Alifunga kitambaa chake upya kichwani. "Sitasimama tena nyuma ya mtu, shoga yangu. Usinihesabu."

Tangu siku hiyo alisaga kwenye mashine ya ng'ambo ya barabara. Walisalimiana wakikutana, na hawakutembeleana tena mpaka muuza vitunguu alipohamia kwa binti yake.

Mama Mashine aliandika rufaa kwenda mkoani. Jibu lilikuja miezi miwili baada ya Kokoto kuapishwa: malalamiko yapitishwe kwanza na tawi. Tawi likasema halikai mpaka katibu wa wilaya aruhusu. Akaiweka barua ya jibu la mkoa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku la vitenge.

Kokoto alijenga choo, tena haraka, matundu sita, kampuni yake yenyewe ikapewa kazi. Milango ilitazama stendi ya bodaboda, na vijana walikuwa wakihesabu kwa sauti kila aliyeingia na muda aliokaa. Baada ya mwezi wanawake wakarudi kwenye desturi yao ya kutokunywa maji.

Nyumba haikuvunjika. Mama Mashine aliendelea kupika, kufua, kumwamsha mumewe alfajiri aende kwenye tipa. Akiugua anamkanda, akichelewa anamsubiri. Ila zamani alikuwa akimwita mume wangu, na sasa alimwita Dereva, kama alivyoitwa na mtu yeyote wa barabarani. Mara ya kwanza mumewe aligeuka akamtazama, akidhani ni utani. Mkewe alikuwa anapepeta pumba, hakuinua uso.

"Naam," aliitika.

Akaendelea kuitika hivyo.