Mkia wa Maji na Saini ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara ya chuo kikuu. Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kutazama maji yakipita ndani ya mfereji wa vioo. Usicheke. Mimi nilicheka, nikaja kukoma.

Alikuwa akisimamisha fimbo katikati ya maji, kisha anapima mvurugiko unaobaki nyuma yake. Yeye aliuita mkia. Karibu na fimbo ni fujo tupu. Ukienda mbali, mkia unatanuka na kupungua nguvu, lakini umbo linabaki lile lile, kubwa tu zaidi. Profesa wake alishaandika kitabu kizima kusema kwamba huko mbali maji yamesahau kabisa yalizuiwa na nini.

Jioni moja baba watoto aliingia ndani hata viatu hajavua.

"Mama watoto, hayasahau! Umbo ni moja, sawa, lakini mkia wa kibati nilichokikata na kukisimamisha badala ya fimbo unatanuka haraka kuliko wa fimbo, na vyote vinazuia maji kwa nguvu ileile. Nimerudia mara tisa!"

Loh, alivyong'aa! Nikasema moyoni, leo jina la huyu mtu litaandikwa mahali pengine zaidi ya kwenye kadi ya kliniki.

Alipompelekea vipimo, Profesa akamwambia, "Mwenzangu, umetikisa meza. Andika kwenye daftari kwamba ni kosa lako, utie saini, yaishe." Naye, kwa heshima zake za kijinga, akaandika.

Miaka minne baadaye Profesa akatangaza ugunduzi wake: maji hayasahau. Kwenye picha za ugunduzi huo kilikuwepo kibati kilekile alichokikata mume wangu. Alipokwenda kulalamika, mkuu wa idara alifungua daftari tu, akamwonyesha mume wangu mwandiko wa mkono wake mwenyewe na saini. Akarudi nyumbani.

"Kwa nini ulisaini?" nilimfokea.

"Aliniita mwenzangu," akajibu. "Miaka yote hiyo alikuwa ananiita wewe."

Nikaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Juzi ikaja barua yake kutoka chuoni. Profesa anapewa tuzo, na mgeni rasmi anataka kuuona mkia kwa macho yake. Eti aende yeye, hakuna mwingine anayeweza kuendesha ule mfereji maji yakatulia. Nikakaa pale namsubiri aichane barua.

Akaomba pasi. Akanyoosha shati lake jeupe, akalivaa, akaniuliza kama kola imekaa sawa.

Nikamwambia imekaa.