Mnara Wetu na Karatasi ya Kinshasa

Mnara wa kiwanja chetu cha ndege, hapa Butembo, tuliujenga siye wafanyabiashara. Huyu alitoa saruji, yule mabati, na muuza vioo alitoa vioo ambavyo analalamikia mpaka leo. Mshahara wa fundi wa kuongoza ndege tuliukata kwenye kila kilo ya mzigo. Kilichokosekana ni karatasi. Bila serikali kuutambua, mnara ulikuwa nyumba ndefu tu, na wenye ndege walishasema watahamia Beni. Kwangu mimi, muuza samaki wa chumvi wa Kyavinyonge, hiyo ilimaanisha lori, matope, na barrière baada ya barrière, kila moja na ushuru wake.

Kinshasa ikatuma inspecteur wa kuukagua, mama mwenye Kiswahili cha Kindu. Alitaka mouvements arobaini za ndege kwa mwezi ndipo atoe karatasi. Daftari la ndege nililishika mimi, kwa sababu nahesabu mara mbili hata nikipewa kitu kimoja. Nilihesabu: ndege ishirini na mbili. Nikarudia: ishirini na mbili. Prezida wa komite yetu ya mnara, muuza misumari, aliniangalia kama vile zilizobaki nimezila.

"Andika arobaini," akaninong'oneza.

"Prezida, mama atauliza marubani. Acha nimubembeleze bei."

Nikamgeukia mama. "Mama, arobaini ni ya Kinshasa. Sisi ni muji mudogo, utuwekee kumi na tano."

"Papa, mimi hapana nauzisha mihogo."

"Kumi na nane, tuachane vizuri."

Akavuta daftari. "Hizi ishirini na mbili zilishuka?"

"Zilishuka."

"Zikaruka?"

"Mama, angalia inje. Kuko hata moja yenye ilibakia?"

"Donc kushuka ni mouvement moja, kuruka ni ingine. Muko na arobaini na ine. Tangu lini mutu wa Butembo anahesabu nusu ya mali yake?"

Nilishafungua mdomo kukataa, maana bei ya kwanza sikubali kamwe. Prezida akanikanyaga mguu.

Karatasi ilipotoka, mnara umetambuliwa, nikauliza serikali itatoa nini kwa mshahara wa fundi.

"Imeshatoa," mama akasema.

"Imetoa nini?"

"Muhuri."

Basi komite ikapandisha ada ya kila kilo. Nilipigania samaki wapimwe bila karton. Nilishindwa, nikalipa, na asubuhi ile samaki wangu waliruka kwa ndege.